Kibao cha Aliye Hai

Yongchun, siku ya ishirini, mwezi wa pili wa mwandamo, 1934

Kwa mjukuu wangu Ekbun, huko Penang,

Mimi bibi yako mzima, mama yako mzima, nguruwe wawili wazima, na paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka. Mama yako alishikwa na kikohozi cha baridi, kimepita. Jeneza langu la akiba nimelipaka vanishi mara ya saba, sasa linang'aa hata wanawake wa ng'ambo ya mto wanakuja kujitazama nyuso humo. Mzee Sio, anayeniandikia barua hii hapa darajani, anasema hilo si la kuandika. Nimemwambia brashi ni yake, mdomo ni wangu. Andika.

Barua yako uliyoiandika kabla ya mwaka mpya imefika. Unaomba ruhusa ya kufungua ukumbi wa kufundisha ngumi yetu ya mtindo wa korongo, tena unaomba hatua nane za mwisho nikutumie kwa maandishi. Majibu yote mawili ni hapana. Usinune, nisikilize.

Hatua ni mia na nane. Uani kwetu nilikufundisha mia. Nane zilizobaki nilikwambia utazipata ukitimiza miaka ishirini, nawe ukaondoka na kumi na tisa, kwa sababu meli haikuwa na subira na wewe pia huna. Hazitumwi kwa barua. Yule mwanamke aliyeianzisha ngumi hii alikuwa ameanika kitani chake, korongo mweupe akatua juu yake. Akampiga kwa ufito, akamkosa. Akampiga tena, akamkosa tena. Ndege hakumwandikia karatasi. Mwanamke alimtazama ndege siku baada ya siku mpaka mikono yake ikaelewa, kisha akamfundisha mwingine kwa kumshika kiwiko, na huyo akamshika mwingine, hadi baba yangu, hadi mimi, hadi wewe. Kwenye karatasi hakuna kiwiko cha kushika.

Na ruhusa, desturi unaijua. Ukumbi hufunguliwa na aliyemaliza, kwa neno la mwalimu wake. Kama mwalimu amekufa, jina lake huchongwa kwenye kibao, likawekwa madhabahuni na kufukiziwa ubani, naye hana tena la kukataza. Mimi nipo, na ninakataza. Rudi nyumbani miezi mitatu, umalize, kisha fungua kumbi hata mia.

Jambo jingine dogo. Tangu baada ya mwaka mpya chakula hakina ladha. Naketi mbele ya uji wa viazi vitamu, nawe unajua ninavyoupenda, na nahisi nimekwisha kushiba. Kila alfajiri nasikia harufu ya ubani, na sisi hatuchomi ubani siku za kazi. Mama yako anasema ni meno. Meno yapi?

Huko kuna joto, lakini usilale kifua wazi.

Bibi yako


Penang, siku ya ishirini na sita, mwezi wa tatu

Bibi yangu mpendwa,

Nakuinamia mara tatu kutoka mbali. Afya yangu ni njema kwa baraka zako. Namwombea mama kikohozi kisirudi. Kwa mkono wa mtu wa Amoy nimekutumia mizizi ya jinsengi na kitambaa cha buluu. Mvua za huku zimeanza na viatu vinaota ukungu.

Nimeisoma barua yako na kuiweka moyoni. Kuhusu ukumbi, mambo yamejipanga kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza kwa maandishi. Watu arobaini wanakuja kila alfajiri kabla ya kazi, wachukuzi wa bandarini, wasaga mchele, wenye maduka. Wengine unawajua kwa barua zangu za zamani, wale niliowafundisha miaka minne kimyakimya nyuma ya kinu cha mchele. Wanakuheshimu sana, Bibi. Kila asubuhi wanakuinamia kwanza, ndipo waanze.

Nina swali la kipuuzi. Je, bado unalo lile koti la buluu lenye kola iliyotiwa kiraka kwa uzi mweusi? Mchukuzi wangu mmoja, Hong-liat, aliniuliza yule mama mzee anayesimama mstari wa nyuma ni nani, na kwa nini hapewi chai. Ukumbini hatuna mwanamke. Nikamwambia labda ni mpishi wa jirani amekuja kuchungulia. Akanijibu, "Mpishi gani huyo, Kaka Mwalimu, ananigonga kiwiko kwa kidole baridi kama chuma cha mvua?" Wenzake wakamcheka, wakasema amevuta kitu.

Kuhusu ubani, naomba usiwaze. Pengine ni watu wanachoma mashamba.

Ekbun


Yongchun, siku ya kumi, mwezi wa tano

Ekbun,

Wote wazima. Nguruwe mmoja amezaa tisa. Kitambaa kimefika, kizuri. Jinsengi nimempa mama yako, maana mimi sili sana siku hizi. Mzee Sio alivunjika jino kwa kutafuna mbegu za tikiti, kwa hiyo kama maneno yangu yana mate, lawama ni yake.

Mashamba hayachomwi mwezi wa pili. Wewe umezaliwa shambani, unamdanganya nani?

Koti ninalo. Nimelivaa sasa hivi. Na huyo Hong-liat ana kidole cha mwisho kilichopinda, mkono wa kulia, na kila akifika hatua ya thelathini na mbili anainua kiwiko cha kushoto kama anayebeba kuku, kosa lako lilelile la uani. Nimemgonga mara sita. Hasikii.

Nilidhani ni ndoto za uzee. Lakini ndoto haziji kila siku saa ileile, na mtu haamki na vumbi jekundu kwenye viatu. Ukumbi wako una paa la mabati. Sakafu ni ya vigae vyekundu, kimoja karibu na mlango kimepasuka, na kuna beseni la kunawia miguu. Nasimama nyuma. Nawaona migongo. Mbele yao kuna meza yenye mishumaa, na juu ya meza kuna kitu ambacho wote wanakiinamia. Kila nikitaka kusogea nikione, macho yanajaa moshi.

Nilikufuta kamasi, nilikufuta mavi, nikakufundisha kusimama. Nijibu kama nilivyokulea. Juu ya meza ile kuna nini?

Bibi yako

Mimi Sio, mwandishi, naongeza mistari hii bila yeye kujua, kwa kuwa hajui kusoma. Amesema hali sana. Ukweli ni kwamba hali kabisa, leo ni siku ya tisa. Hakondi, na hilo ndilo linalonitisha. Mabegani mwake mnadondoka majivu laini ya kijivu. Mama yako anayapangusa, asubuhi yanarudi. Kigoda cha wateja wangu kina mguu mfupi, kila anayekikalia hukitingisha. Yeye akikikalia hakitingishiki. Kijana, kama kuna ulilofanya, litengue.


Penang, siku ya kumi na nane, mwezi wa sita

Bibi,

Barua hii nimeianza mara nne kwa salamu, nikaichana mara nne.

Juu ya meza ile kulikuwa na jina lako.

Siku ya tano ya mwaka mpya wazee wa nyumba ya ukoo hapa waliniita. Walikuwa tayari kunipa ukumbi, wakataka kujua mwalimu wangu ni nani. Nikasema ni bibi yangu. Hawakucheka, maana wanajua ngumi hii ilianza kwa mwanamke. Mkubwa wao aliniuliza kama umetoa neno lako. Barua yangu ya kukuomba ilikuwa bado baharini. Wachezaji wa mtindo mwingine walikuwa wamesimama mlangoni, wanautaka ukumbi uleule. Nikasema, "Amefariki."

Neno lilitoka, nami nikabaki nalitazama kama mtu aliyeangusha bakuli. Wazee walisimama wote wakanipa pole. Kabla ya adhuhuri mtu alikwisha kuchonga kibao, "Mwalimu wetu marehemu, Bibi wa ukoo wa Kwa." Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilivaa nguo nyeupe za msiba kwa ajili yako siku tatu, na Bibi, nililia kweli, sijui nililia nini. Barua yako ya hapana ilifika wewe ukiwa na miezi miwili na nusu tangu ufe.

Tangu siku ile wali na ubani wako havijakosekana alfajiri hata moja.

Jana, nilipoisoma barua yako na mistari ya Mzee Sio, nilikiondoa kibao mbele ya wote. Niliwaambia uongo wangu wote, herufi kwa herufi. Wazee wameuchukua ukumbi. Katika wanafunzi arobaini wamebaki kumi na mmoja, nasi tumerudi nyuma ya kinu. Hong-liat ni mmoja wao. Alisema anataka kuwepo utakaporudi kumgonga.

Ningependa barua iishie hapa. Lakini korongo ameshasambaa. Watatu kati ya wale wa zamani waliondoka mwaka huu na kufungua kumbi zao, Tian-po kwenye migodi ya bati ya Ipoh, muuza mafuta ya taa mmoja huko Medan, na Go Sui-kim, seremala, Manila. Kila mmoja aliondoka na nakala ya kibao, kama desturi inavyotaka. Mimi mwenyewe niliwapa, kwa mikono miwili. Nilikuwa najivuna. Nilidhani napanda mbegu.

Nimewapelekea simu za maandishi. Hakuna aliyejibu. Kesho naondoka kwa treni kwenda Ipoh, kisha Medan, kisha Manila. Kula, Bibi. Nakuomba ujaribu kula.

Ekbun


Yongchun, siku ya kumi na sita, mwezi wa saba

Mjukuu wangu, mpumbavu wangu,

Mama yako mzima. Sitamwambia ulilolifanya, atajirusha mtoni, na mto wenyewe umejaa. Nguruwe wanane wamenusurika. Mimi ni mzima vipande.

Siku ya kumi na saba ya mwezi wa sita nilikuwa nimemshika kiwiko yule mbeba kuku wako, ghafla nikajikuta jikoni kwangu na kata mkononi. Nikanywa. Maji yakawa na ladha ya maji. Nilikaa chini nikalia kwa ajili ya maji. Kesho yake alfajiri nikashiba tena.

Sasa najua kwa nini, ninavutwa pande tatu. Mahali pamoja udongo unaingia viatuni na watu wanakohoa. Mahali pa pili kunanuka mafuta ya taa. Pa tatu kuna kengele inayolia juu ya paa, si kengele ya hekalu. Asubuhi moja niko pote, mkono huku, goti kule. Ulishawahi kuona wanawake wakikamua shuka, mmoja ameshika ncha hii na mwenzake ile? Mimi ndiye shuka.

Lakini hilo si la kunifanya nikuandikie leo. Jana ilikuwa karamu ya mizimu. Unakumbuka tunavyopanga meza barabarani, wali, bata, matunda, na benchi tupu kwa wale wasio na wa kuwalisha. Nilikuwa nimebeba sahani ya nguruwe wetu kwenda kuiweka. Nilipofika kwenye benchi, watu walikuwa wameketi. Nikafikiri ni wageni wa kijiji cha juu hawajui adabu, wanakalia benchi la wafu. Nikafungua mdomo niwaseme. Wakainua vichwa, wakanitazama kama unavyomtazama jirani, na wakasogea. Walinisogezea nafasi, Ekbun. Mmoja akapangusa benchi kwa mkono wa shati lake ili nikae.

Nikawaambia, "Asanteni, bado. Mimi nina nyumba."

Nikaweka sahani nikarudi nyuma bila kuwapa mgongo. Watu wote wa barabarani waliniona nikisema na benchi tupu. Tangu jana hakuna anayekuja kujitazama kwenye jeneza langu.

Sikukasirikii uongo. Uongo wanaume wengi wamesema kwa ajili ya nafasi ndogo kuliko ukumbi. Nakukasirikia kwa sababu ulikuwa na mtu hai anayekupenda, ukaona mfu ndiye atakufaa zaidi. Nimesema. Imekwisha. Sasa kimbia. Piga magoti mbele ya wanafunzi wako ukibidi, goti lako si la dhahabu. Mwezi huu mlango wa wafu uko wazi, nami nimechoka kusema bado.

Vaa soksi melini.

Bibi yako


Manila, siku ya nane, mwezi wa tisa

Bibi,

Nakuombea pumzi ndefu, na mama, na wale nguruwe wanane. Nimekonda kidogo kwa bahari lakini ni mzima. Barua yako niliikuta Penang nikipita kutoka Medan, na soksi nimevaa.

Ipoh nilifika kwanza. Tian-po aliposikia alikaa chini kwenye matope. Wachimbaji wake walikuwa wamekwisha kuogopa, kila mmoja amegongwa kiwiko lakini hakuna aliyemwambia mwenzake. Waliniachia kibao papo hapo. Medan yule muuza mafuta alinitukana hadi mbu wakahama, kisha akakileta mwenyewe kimefungwa kitambaa chekundu. Vyote viwili ninavyo, pamoja na cha Penang. Siku hizo zote mbili, je, ulihisi kitu?

Hapa Manila nimeshindwa.

Go Sui-kim alinipokea vizuri. Alinipa chai, akaniketisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, na hakuniita tena Kaka Mwalimu, "Bwana Kwa, ulituambia amekufa, tukamlilia. Leo unasema yu hai, tumfukuze. Mimi sina mkono wa kumfukuza mzee aliyekuja kwa miguu yake."

Nikamweleza kuwa unakufa kwa sababu ya ubani wake. Akajibu kuwa yeye hafundishi tena. Tangu mwezi wa sita anasimama mstari wa mbele pamoja na wengine. Ana watu ishirini na wawili, vinyozi, maseremala, dobi mwanamke mmoja. Alfajiri wanachoma kijiti kimoja, wanapanga mistari na kuanza, na hakuna anayetoa amri.

Asubuhi iliyofuata nilichungulia dirishani, kwa nje. Walifika hatua ya mia. Nilisubiri wasimame, kwa sababu mimi huishia hapo, na wao walijifunza kwangu. Hawakusimama. Wote ishirini na wawili waligeuka kwa kisigino, mkono mmoja juu kama bawa lililovunjika, wakaingia kwenye jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilihesabu. Zilikuwa hatua nane.

Bibi, nywele zilinisimama. Sijui kama ni kwa hofu. Sitaki kuchunguza ni kwa nini.

Niko tayari kuvunja mlango na kukichukua kibao kwa nguvu. Nina ngumi za kutosha kwa Sui-kim na kwa wote. Nangojea neno lako. Safari hii nangojea kweli, sitaondoka Manila kabla halijafika.

Ekbun


Yongchun, siku ya kumi na saba, mwezi wa kumi na moja

Ekbun mwanangu,

Jana tulikula vidonge vitamu vya unga wa mchele vya sikukuu ya majira ya baridi. Nilikula kumi na vinne. Mama yako alikuwa akivihesabu kimoyomoyo, nikamwona, na kila nikichukua kimoja anageuka kupangusa macho kwa moshi wa jiko ambao haukuwepo. Mzee Sio ametiwa jino la shaba. Majivu mabegani yamepungua, sasa ni kama unga anaobaki nao mtu aliyepita kinuni. Kigoda kinatingishika nikikikalia. Ameniomba radhi kwa jambo aliloliandika kisirisiri, nami nimemwambia nilijua, maana aliandika muda mrefu nami sikuwa nasema.

Ndiyo, nilihisi siku zote mbili. Goti lilirudi, kisha mkono. Sasa mambo yangu yako hivi. Alfajiri sipo. Mama yako ananiona kitandani macho wazi na hanisemeshi. Kijiti kimoja kikiisha kuungua narudi. Asubuhi sina njaa hata kidogo. Mchana nakula kama fahali. Mwili umegawana siku na kibao, na havigombani.

Usivunje mlango. Kile kimoja kiache.

Najua kinachokuuma, na hukukiandika. Unajiuliza kwa nini nimewapa wao nilichokunyima wewe. Sikupanga. Asubuhi moja, kabla wewe hujafika Manila, walifika hatua ya mia wakaganda. Wewe uliishia hapo, na wao wakaishia hapo. Watu ishirini na wawili mguu mmoja juu, hawajui pa kuuweka, na dobi wa watu ana goti bovu, linatetemeka. Ningefanyaje? Niliushika nikauweka. Kisha nikaushika wa jirani yake. Miaka sitini nimezishika hatua zile nikisema sijaona wa kumpa, kumbe nilikuwa naogopa kuisha. Nimezitoa na sikuisha.

Sasa wewe. Hazitumwi kwa barua, na hilo halijabadilika. Nyumbani rudi unapotaka, mama yako anakungoja, lakini mimi uani sina tena magoti ya kukufundishia. Hayo magoti yako Manila, alfajiri.

Kwa hiyo nenda. Nawa miguu mlangoni. Mwombe Sui-kim nafasi, umwite yeye Kaka Mwalimu, utamke vizuri, usimung'unye. Simama mstari wa nyuma kabisa, baada ya dobi. Usiwaambie kuwa wewe ndiye uliyeanza, wanajua. Ukifika mia, simama na mguu juu kama wao walivyosimama, ungoje. Utahisi baridi kwenye kifundo cha mguu. Usigeuke kunitazama. Nimejaribu mara moja kujiona kwenye maji ya beseni lao, na sitaki uone nilichokiona.

Siku nitakapokufa kweli, hakuna atakayehitaji kukuandikia. Utakuwa unapita hapo ukumbini kwa shughuli zako, jua la adhuhuri, hakuna ubani, hakuna mtu, na utaniona nimesimama nyuma nikiwangoja. Hapo ndipo uvae nyeupe. Kabla ya hapo, mwanangu, kula, na shusha hicho kiwiko.

Bibi yako